Pointi Sita za Takataka

Somo la kwanza la afya ya umma mjini Nairobi lilifunzwa kwa moto. Mwaka 1902, reli ikiwa imefika hapo miaka mitatu tu iliyotangulia, tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na daktari wa serikali akaamuru soko lichomwe. Tauni ilirudi tena na tena kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wakubwa waliijibu kwa namna ile ile: bomoa, choma, hamisha. Mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson, bingwa wa usafi wa miji kutoka Uingereza. Ushauri wake ulikuwa kwamba mji ugawanywe kwa rangi za watu, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake.

Eastlands, upande wa mashariki wa mji, ilizaliwa katika ushauri huo. Baada ya vita, viwanja vilipimwa Pumwani, na wakazi wa vijiji vya zamani kama Mombasa, Maskini na Kaburini wakaambiwa wahamie huko. Pangani ilivumilia hadi mwisho wa miaka ya 1930, ikabomolewa, na wengi wa watu wake wakaishia Shauri Moyo. Zikafuata Ziwani, Kaloleni, Bahati na mitaa mingine iliyojipanga kando ya barabara ambayo leo tunaiita Jogoo Road. Mingi ya mitaa hiyo ilijengwa kwa hoja ya afya, ingawa afya iliyokuwa ikilindwa ilikuwa ya watu wa upande wa pili wa mji. Naanzia hapo kwa sababu mtu wa Eastlands aliyekuja baadaye kuelezwa habari za usafi, awe amesimama mbele ya sinema, igizo au mchoro ukutani, alikuwa na kumbukumbu hiyo nyuma yake. Bwana afya alipobisha hodi, mara nyingi alifuatwa na mtu mwenye amri ya kubomoa.

Serikali ya kikoloni iligundua mapema kwamba amri peke yake haitoshi. Mwaka 1926, Dkt. A. R. Paterson wa idara ya tiba ya Kenya alitengeneza filamu kuhusu kupambana na minyoo ya safura, mojawapo ya filamu za kwanza za elimu ya afya katika Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye mwanasayansi Julian Huxley alizunguka nchi zetu akijaribu kuona filamu za namna hiyo zinapokelewaje. Kisha kati ya 1935 na 1937 ukaja mradi mkubwa zaidi, ulioitwa kwa kifupi BEKE, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kituo chake kilikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi fupi kuhusu safura, malaria ya watoto, kilimo na kuweka akiba posta. Lori lilibeba mashine na jenereta kutoka mji hadi mji, na maelezo yalipigwa kwenye santuri huku picha zikienda.

Maofisa wa zama hizo walipenda kusimuliana kisa kimoja. Watu walionyeshwa filamu ambamo mbu amekuzwa hadi akajaa kitambaa chote. Mwishoni mzee mmoja akasimama na kusema kwamba sasa anaelewa kwa nini Wazungu wanaogopa malaria, maana mbu wa kwao ni wakubwa kama kuku, lakini wa hapa ni wadogo, hawana neno. Kisa hicho kimesimuliwa kuhusu karibu kila koloni la Afrika, na wingi huo unatosha kutilia shaka kwamba kiliwahi kutokea. Nadhani kinatueleza zaidi habari za wasimuliaji. Walitoka katika maonyesho yao wakiamini kwamba kasoro iko kwenye macho ya watazamaji, kwa hiyo wakazidi kurahisisha picha, wakazidi kupunguza kasi, na kazi ya kuuliza wakaiacha. Mtu aliyezika mtoto kwa homa hana haja ya kuonyeshwa ukubwa wa mbu. Angeulizwa, angesema habari za mtaro uliojaa maji nyuma ya nyumba na nani anayepaswa kuuzibua.

Na si kwamba Pumwani ilikuwa haina njia zake za kusema. Watu walikuwa na ngoma, walikuwa na beni, walikuwa na maulidi na harusi zenye nyimbo za kumsema jirani kwa mafumbo hadi akaelewa. Vilikuwepo pia kumbi: Pumwani Memorial Hall, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya wapagazi wa vita, wale wale waliouachia mtaa wa Kariokor jina lake, na baadaye ukumbi wa Kaloleni, ambao siasa zilinoga ndani yake hadi ukafananishwa na Bunge la Uingereza. Jukwaa lilikuwepo na wasemaji walikuwepo, ila wenye filamu hawakuwapisha.

Kijana mmoja aliyesomea usafi katika zama hizo alikuwa Tom Mboya. Alifunzwa ukaguzi wa afya Jeanes School, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya hakukaa sana katika kazi hiyo, kwani vyama vya wafanyakazi na siasa vilimchukua. Lakini kisa cha chupa ya maziwa ni cha kweli, na kinafaa kuwekwa kando ya kile cha mbu. Mkaguzi wa afya amekaa kitini kwake, ana cheti chake, lugha ya watu anaijua, na bado haonekani.

Uhuru ulikuja na mji ukafurika. Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu anapewa kiwanja chenye choo na bomba, nyumba anajijengea mwenyewe. Karibu na viwanja hivyo, katikati ya miaka hiyo ya 1970, Jiji likafungua jaa la takataka. Upande wa juu, bonde la Mathare lilijaa nyumba za mabati na mbao pande zote mbili za mto, bila mitaro, bila gari la taka, maji yakinunuliwa kwa mtungi.

Kisha ukaja mwaka 1987, ambao mimi nauhesabu kuwa mwaka wa kugeuka. Runinga ya Sauti ya Kenya ilianza kuonyesha mchezo wa kuigiza uitwao *Tushauriane*, na redio ikawa na wake, *Ushikwapo Shikamana*. Yote miwili ilibeba habari za uzazi wa mpango ndani ya visa vya familia, kwa mbinu iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na mmoja katikati anayeyumba, ambaye msikilizaji anajiona ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Kufikia utafiti wa 1989 wastani ulikuwa 6.7. Michezo hiyo peke yake haiwezi kupewa sifa yote. Tanzania ndiyo iliyokuja kulipima jambo hili vizuri. *Twende na Wakati*, mchezo wa Radio Tanzania wenye dereva wa lori mpenda wanawake aitwaye Mkwaju, ulianza 1993, na kwa miaka miwili eneo la Dodoma likaachwa lisiusikie, ili wanaousikia walinganishwe na wasiousikia. Tofauti ilionekana, na 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa.

Katika mwaka ule ule wa 1987, bila runinga wala redio, jambo jingine lilianza Mathare. Bob Munro, Mkanada aliyefanya kazi Nairobi kama mshauri wa masuala ya mazingira wa Umoja wa Mataifa, aliwaona watoto wakicheza kandanda kwenye kiwanja cha vumbi na takataka. Mpira wao ulikuwa wa karatasi za plastiki zilizoviringwa na kufungwa kamba, mpira ambao kila mtoto wa Eastlands amewahi kuusuka. Makubaliano yaliyofuata yalikuwa mepesi: mtapata ligi, mtapata refa na mipira, nanyi mtasafisha mtaa. Mathare Youth Sports Association, MYSA kama inavyojulikana na kila mtu, ilizaliwa hapo.

Ustadi wake uko kwenye jedwali la ligi. Timu ikishinda mechi ilipata pointi 3. Timu ikikamilisha zamu yake ya usafi ilipata 6. Fikiria maana yake kwa mtoto wa miaka 12 anayetaka kombe. Unaweza kuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote Mathare, lakini ukikosa Jumamosi moja ya kuzoa taka umepoteza sawa na mechi mbili. Kwa hiyo kapteni anaamka mapema, anapita mlango kwa mlango kuwaamsha wachezaji, na golikipa anayependa kulala anasemwa na wenzake kuliko anavyosemwa na mama yake. Wanapewa mabeleshi, reki na wilibaro. Wanaanza na mtaro: unavutwa nje mfuko, kiatu, mabaki ya sukuma wiki, chupa, tope jeusi lenye harufu inayokaa mikononi siku nzima. Rundo likikamilika, lori la MYSA linakuja kulibeba, maana rundo likiachwa kandokando, mvua ya usiku mmoja italirudisha lilikotoka. Kwa lori hilo MYSA ilizipita kampeni nyingi zilizotangulia. Usafi wake haukuishia kwenye kuambiwa. Takataka iliondoka kweli.

Hakukuwa na bango lililosema kwamba uchafu huleta kipindupindu. Mtoto aliyezibua mtaro kwa mikono yake alijua ulivyoziba, alijua nani anatupa nini, na akirudi nyumbani alikuwa na ujasiri wa kumwambia dada yake asimwage hapo. Hata sheria za uwanjani zilibeba tabia. Palikuwa na kadi ya kijani, ambayo refa alimpa mchezaji aliyeonyesha ungwana kuliko wengine, na kadi hiyo ilihesabiwa kama sifa ya uongozi. Mwaka 1992 ligi za wasichana zilianza, na wazazi waliouliza nani atapika na kutunza wadogo wakati binti yuko uwanjani ilibidi wajibiwe, nyumba kwa nyumba. Mwaka huo huo MYSA ilipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Timu ya wakubwa, Mathare United, iliundwa 1994, ikachukua Kombe la Moi 1998 na ubingwa wa ligi kuu 2008, mwaka uleule ambao ulikuwa umeanza na damu ya baada ya uchaguzi katika mitaa hiyo hiyo. MYSA yenyewe ilikuja kupendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini mwaka 1994 una jambo jingine kubwa zaidi ya kuundwa kwa timu, nalo ni ukimwi.

Kisa cha kwanza cha ukimwi Kenya kilitajwa 1984. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa ng'ambo, waliokuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa miongoni mwa wanawake wauzao ngono, walipima damu na kukuta kwamba kati ya wale maskini zaidi, asilimia 66 tayari walikuwa na virusi. Majengo, Pumwani, ikawa jina linalotajwa katika majarida ya tiba duniani, na bado linatajwa, kwa sababu ya wanawake wachache wa hapo ambao miaka ilipita hawakuambukizwa. Mtu ambaye ningependa atajwe zaidi ni muuguzi Elizabeth Ngugi. Badala ya kuwaita wanawake kliniki mmoja mmoja, aliwaitia baraza. Waliketi pamoja, wakachagua viongozi wao, wakasikia matokeo ya utafiti waliofanyiwa wao wenyewe, na wakajadili jinsi ya kumkatalia mteja asiyetaka kondomu. Hapo siri ya mafanikio ilikuwa hesabu ya soko: mwanamke mmoja akikataa, mteja anaenda mlango wa pili, wakikataa wote, mteja hana pa kwenda. Matumizi ya kondomu yalipanda kwa kasi ambayo mabango hayajawahi kuileta.

Baraza lilikuwa la wakubwa. Vijana waliachiwa minong'ono. Mwaka 1994 MYSA ilianza kuwafunza wachezaji wake wenyewe kuzungumza na wenzao kuhusu ukimwi. Mechi ikiisha, kabla jasho halijakauka, timu zote mbili zinakaa chini na kijana aliyewazidi miaka michache tu anaanza kuuliza. Kukaa chini baada ya mechi ni desturi ya kila timu. Safari hii kulikuwa na la kuzungumza zaidi ya penalti iliyokosewa.

Kipindi hicho hicho vikaragosi viliingia mitaani. Afrika Kusini walikuwa wametangulia, na Gary Friedman, aliyeanzisha huko maonyesho ya vikaragosi dhidi ya ukimwi mwaka 1987, alikuja kuwafunza Wakenya. Kikatokea kikundi cha CHAPS, chini ya Eric Krystall na shirika la FPPS, na Phylemon Okoth akiwa miongoni mwa waliokiongoza. Nguvu ya kikaragosi ni kwamba hana ukoo. Mwigizaji wa kike akisimama Kariobangi na kushika kondomu hadharani, kesho sokoni atatajwa yeye na mama yake. Kikaragosi mwenye pua ndefu na kilemba akiishika, akaigeuza, akaivaa vibaya na kuzomewa, nyanya aliyeleta kigoda chake mbele anacheka hadi machozi, na mjukuu wake wa miaka 15 aliyejifanya anapita njia tu amekwisha ona hatua zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Wahubiri waliopinga kondomu walipata tabu kumkemea mtu wa sponji.

Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Vituo vya ushauri na upimaji vilifuata kuanzia 2001, na hapo kazi ya wasanii ikabadilika. Kabla ya hapo walikuwa wakionya tu, bila kuwa na pa kumpeleka aliyeogopa. Sasa palikuwa na mlango. Igizo la namna mpya likasambaa, lililokuzwa na shirika la PATH pamoja na vikundi vya waigizaji nchini, kwa kuchanganya uzoefu wa nyumbani na mbinu za Mbrazili Augusto Boal.

Lilikuwa hivi. Kikundi kinachagua mahali pamoja, tuseme uwanja ulio kando ya stendi ya matatu, na siku moja, saa moja, bila kubadilisha, ili watazamaji wa leo wawe ndio wa wiki ijayo. Ngoma zinapigwa kwanza kuvuta watu. Kisha kisa: mke amepimwa alipokwenda kliniki ya wajawazito, ana virusi, na karatasi ameificha chini ya unga. Mume anaingia akiwa na njaa na hasira. Mama mkwe yumo. Mume ananyoosha mkono kwenye kopo la unga, na papo hapo mwendeshaji anapaza sauti, waigizaji wote wanaganda. Sasa watazamaji wanaulizwa: mama huyu afanye nini? Hakuna anayetoa jibu kutoka jukwaani. Kondakta wa matatu anasema akimbie kwao. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anamuuliza kondakta, kwao kuna nani? Mwingine anaitwa aingie katikati, ashike nafasi ya mke, na aonyeshe kwa mwili wake jambo analosema. Anaanza kwa ujasiri, mume anamfokea, naye anajikuta hana maneno. Watu wananyamaza, maana wengi wao wamewahi kukosa maneno hayo hayo. Kisha mwingine anajitolea ajaribu. Onyesho halimaliziki, litaendelea wiki ijayo kutoka hapo, na pembeni yuko mshauri aliye tayari kumsikiliza anayetaka kusema kando.

Naliheshimu igizo hili kuliko sinema zote za lori, kwa sababu lilikubali kwamba mama yule analijua tatizo lake kuliko mwandishi wa mchezo. Lilikuwa na udhaifu wake, nao tuuseme: vikundi vingi viliishi kwa fedha za wafadhili, na ufadhili ulipokwisha, uwanja ulibaki mtupu saa ile ile ambayo watu walikuwa wamezoea kuja.

Michezo nayo ilizidi kubuniwa. Grassroot Soccer, iliyoanzishwa Zimbabwe mwaka 2002, ilitunga mazoezi ya uwanjani ambayo vikundi vya Eastlands kama Vijana Amani Pamoja viliyatumia. Katika moja huwekwa koni nyingi, kila koni ikiwa hatari: wapenzi wengi, ulevi, ngono bila kinga. Mchezaji anakokota mpira kati yake. Raundi ya kwanza, akigusa koni anapiga pushapu peke yake. Raundi ya pili, timu yake inapiga pamoja naye. Raundi ya tatu, wote waliopo wanapiga. Mabega yanapouma kwa kosa la mtu mwingine, mazungumzo ya jinsi ugonjwa wa mmoja unavyoifikia nyumba nzima huanza yenyewe. Kule Kariobangi, Boxgirls Kenya waliwavisha wasichana glavu za ndondi kufuatia vurugu za 2007 na 2008, na mazoezi yakaambatana na mazungumzo kuhusu mwili, ubakaji na haki ya kukataa.

Kwa Shujaaz nitapita haraka, kwani wengi wanaijua. Tangu Februari 2010 kitabu hicho cha katuni kilisambazwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kikizungumza Sheng, na kijana wake Boyie akirusha matangazo ya redio ya siri kutoka chumbani kwake. Kilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy 2012 na tena 2014. Wazazi na walimu waliolalamikia Sheng walikuwa na hoja yao kuhusu mitihani, lakini kijana wa Umoja au Kayole humuuliza rafiki yake habari za mimba kwa Sheng, na jibu linapaswa kumfuata huko.

Machi 13, 2020, Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Wiki mbili baadaye amri ya kutotoka nje usiku ikaanza, ikisimamiwa kwa rungu na bunduki. Siku chache tu ndani ya amri hiyo mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mei, Eastleigh ikafungwa. Mantiki ya 1902 ilikuwa haijaondoka mjini.

Katika wiki hizo hizo vijana wa Mathare Roots walipanda na rangi zao kwenye kuta. Walichora nyuso zenye barakoa, mikono yenye povu, virusi vyenye miba kama vinavyochorwa kwenye habari, na maneno mafupi ambayo mtu aliyebeba mtungi anaweza kuyasoma bila kusimama. Ukuta ulikuwa na sifa ambayo taarifa ya waziri haikuwa nayo: ulikuwa wa jirani, na aliyeuchora angeonekana kesho akinunua mandazi pale pale. Lakini kunawa mikono kwa sekunde 20 ni somo gumu mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, na nadhani wachoraji walilielewa hilo kuliko yeyote. Ndiyo maana vikundi vya vijana mitaani viliweka pia mitungi yenye bomba na sabuni vichochoroni, na kuijaza tena ilipokauka. Ukuta ulisema nawa, na hatua chache mbele palikuwa na pa kunawia. Pale mtungi ulipokosekana, mchoro ulibaki kuwa pambo.

Dandora imeibeba kazi hii ya vijana wa mitaani mbali zaidi, na pia ndipo inapokwama. Mtaa uliolilea kundi la Kalamashaka na ukoo mzima wa wanahiphop una vijana ambao, katika miaka ya 2010, walianza kushindana kusafisha nyua zilizoachwa katikati ya nyumba wakati wa mradi wa 1975. Nyua hizo zilikuwa zimegeuka majalala na maficho ya wezi. Kila kikundi kilichukua ua wake, kikazoa, kikapanda miti, kikapaka kuta rangi, kikatengeneza pembea kwa magurudumu ya magari. Ni ligi ya MYSA kwa sura nyingine, na watoto wamerudi kucheza bano, kati na brikicho mahali ambapo mama zao wanaweza kuwaona kutoka dirishani.

Pembeni ya nyua hizo liko jaa. Lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Mwaka 2007 utafiti wa UNEP uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu nalo, na nusu yao walikuwa na risasi, yaani madini ya ledi, katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa. Hakuna mchezo wa kuigiza utakaomfundisha mtoto asivute pumzi. Wakazi wameimba kuhusu jaa hilo, wameandamana na wamelichora. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo iliisha mapema 2022, na malori hayakuacha kumwaga Dandora.